Tulipoandika Somo la Isukuti

Kabla ya kazi ile, kipindi cha muziki shuleni kwetu kilikuwa kimemezwa na kandanda. Kwenye ratiba kilikuwa sehemu ya Sanaa Bunifu na Michezo, na kwa kuwa mpira haukosi wachezaji, mara nyingi nilifika darasani nikakuta madawati matupu na vumbi likitimka uwanjani. Sikuwalaumu wenzangu. Mtaala mpya ulitutaka tuwafundishe watoto muziki wa jamii zao, lakini walimu wengi hawakujua waanzie wapi, maana hata wao hawakuwahi kufundishwa. Mimi nilikuwa nimesomea. Nilikuwa na filimbi za plastiki ndani ya kasha, kinanda cha betri ambacho nusu ya vibao vyake vilikuwa bubu, na mwalimu mkuu aliyekuwa akiniuliza kwa upole kama nisingependa kusaidia vipindi vya kilimo.

Kwa hiyo niliposikia kwamba idara ya muziki ya chuo kikuu inatafuta walimu wa kuandika pamoja nao masomo ya muziki kwa shule za Kakamega, nilikubali kabla sijaulizwa vizuri. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa, ila alinieleza msimamo wake waziwazi. Nikirudi na kitu kinachofundishika, kipindi changu kitarudi kwenye ratiba. Nisiporudi na kitu, nitashika jembe la kilimo na tusiulizane tena.

Tulikutana Bukura, katika ukumbi wa kukodi karibu na mashamba ya chuo cha kilimo. Tukifungua madirisha, harufu ya nyasi mbichi na ya mazizi iliingia. Tulikuwa walimu wachache kutoka pande mbalimbali za kaunti, na wasomi wawili wa chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa profesa, mama mwenye nywele fupi zilizojaa mvi, ambaye alikuwa amezunguka vijiji vyetu akirekodi nyimbo tangu wengine wetu tukiwa shule ya msingi. Wa pili alikuwa mhadhiri kijana, mrefu, mpiga kinanda hodari, aliyeamini kwamba mtoto anayemaliza shule bila kusoma nota ameibiwa haki yake. Hao wawili walibishana kama wabishanavyo watu wanaoheshimiana, yaani bila kupumzika. Profesa alitaka sikio lianze, maandishi yafuate. Mhadhiri alitaka nota ubaoni siku ya kwanza. Sisi walimu tuliketi katikati tukigeuza shingo.

Kando yangu aliketi mwalimu mmoja wa Musanda, mzaliwa wa Mumias, tuliyemwita Ustadhi. Alikuwa akitusalimia kwa salamu ndefu kila asubuhi, akauliza habari za nyumbani mmoja mmoja, halafu akaketi kimya mpaka chai. Alijua kupiga dufu, ile ngoma bapa ya kaswida, tangu utotoni.

Ulipofika wakati wa kugawana mada, Profesa alitumia njia nyepesi: kila mtu aandike juu ya muziki wa kwao. Ustadhi akapewa dufu. Mwalimu wa upande mwingine akapewa nyimbo za kazi. Kisha Profesa akanitazama.

"Wewe umeolewa Malinya, sivyo? Basi isukuti ni yako."

Niliitikia. Mbele ya watu wale ningesema nini? Niliandika neno hilo juu ya karatasi, nikalipigia mstari, na mchana wote sikuongeza kitu chini yake.

Mume wangu alikuwa mpiga isukuti. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kutandaza nyaya za umeme majumbani, lakini mwisho wa juma alikuwa mtu wa ngoma. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo, na watu hupenda kuziita baba, mama na mtoto. Yeye alipiga ya kati. Kikundi chao kiliitwa harusini, kiliitwa matangani, na alfajiri za mapigano ya fahali kilitangulia mbele ya fahali mpaka uwanjani, vijana wakikimbia huku na huku na majani mikononi. Alikuwa akirudi nyumbani akiwa na vumbi hadi kwenye kope, ameishiwa sauti, ameridhika.

Aliugua, akatutoka. Siku ya mazishi wenzake walikuja na ngoma, kama ilivyopasa. Mtu mwingine alishika ya kati. Nilisimama kando ya jeneza nikaisikia sehemu yake, ile niliyoijua kama ninavyojua kikohozi chake, ikitoka katika mikono ambayo haikuwa yake. Wengine walilia kwa sababu ya kifo. Mimi nililia kwa sababu ya sauti ile.

Tangu siku hiyo sikuweza kustahimili isukuti. Na huku kwetu Jumamosi haipiti bila matanga mahali fulani. Upepo hukuletea ngoma hata kama marehemu humjui. Nilifunga milango, nikaongeza sauti ya redio, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Shuleni nilifundisha filimbi na nyimbo za kwaya. Hakuna aliyeuliza kwa nini mke wa mpiga isukuti hafundishi isukuti, na mimi sikuwa na haja ya kuulizwa.

Hata hivyo niliandika lile somo. Nilisoma vitabu, nikaeleza ngoma zinachongwaje, nani huziimbia, hupigwa wapi, zina umuhimu gani kwa jamii. Nikaweka maswali ya zoezi. Nilipolikabidhi, nilijiambia limekamilika.

Profesa alilisoma akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alipomaliza aliniomba tutoke nje tunyooshe miguu. Tulifuata njia inayopita kando ya shamba la nyasi za ng'ombe.

"Ulichoandika ni sahihi chote," akaniambia. "Lakini nimesoma mwanzo hadi mwisho na sijasikia ngoma. Mtoto atapita mtihani wa somo hili bila kugusa ngozi hata mara moja."

Nilijaribu kujitetea kwamba shule nyingi hazina ngoma. Akasema madawati yapo, mapaja yapo, mikono ipo, na hayo mimi nayajua. Alikuwa akizungumza taratibu, bila ukali. Nadhani ni huo utaratibu ulionivunja. Nilimweleza yote, palepale njiani, wanafunzi wa chuo wakipita na mikokoteni ya samadi na kutuamkia.

Nilitarajia atanipa pole, kisha anihimize nijikaze. Alinipa pole, lakini hakunihimiza. Alisema yeye mwenyewe ana wimbo mmoja ambao tangu azike dada yake hajaweza kuufundisha, na wanafunzi wake wameishi bila huo wimbo vizuri tu. Kisha akasema, "Naweza kumpa mtu mwingine mada hii leo hii, na hakuna atakayejua sababu. Wewe sema tu."

Mzigo ulinishuka mabegani pale pale. Nilikuwa sijui kwamba mlango wa kutokea upo. Na jambo la ajabu ni kwamba, mlango ulipofunguliwa, sikuona haraka ya kutoka. Nilimwomba anipe muda kwanza nikazungumze na mama mkwe wangu.

Sitadanganya kwamba nilikwenda Malinya kwa ujasiri. Nilikwenda nikitumaini kukatazwa. Ngoma ya mume wangu ilikuwa kwa mama yake, imefunikwa kwa shuka chumbani, na tangu mazishi haikutolewa. Nilijua kikundi kiliwahi kuiomba, wakanyimwa. Mama mkwe ni mtu wa kanisa na ni mtu wa mila, vyote viwili kwa uzito sawa. Nikimwambia tunataka watoto wa shule wapige isukuti kwenye madawati, wavulana kwa wasichana, hakuna mtu aliyekufa, hakuna mtu anayeoa, bila shaka atakataa. Nami nitarudi Bukura nikasema, kwa heshima zote, mama amekataa.

Alinipokea kama anipokeavyo siku zote. Alinipikia obusuma na ingokho, yaani ugali kwa kuku, akanizuia nisiingie jikoni kumsaidia kwa kuwa nimetoka kazini, akaniuliza habari za shule na za binti yangu aliye chuoni. Tulipokwisha kunawa nilimweleza habari za Bukura. Nilieleza kwa kirefu mno. Nilitaja chuo kikuu, nikataja kaunti, nikataja mtaala. Alisikiliza akiondoa makombo mezani kwa kidole.

Nilipomaliza, aliuliza kitu kimoja: kama sasa naweza kuisikia.

Sikuelewa. Nikamuuliza anamaanisha nini.

"Hiyo ngoma," akasema. "Vijana walikujanga kuiomba. Nilikuwa nawaambianga hapana, mke wa mwenyewe hawezi kuisikia, atapatwa na uchungu. Siku ile ya mazishi nilikuangalia. Nikasema hii kitu isipigwe hapa tena mpaka yeye mwenyewe aseme."

Nilimwambia mimi nilidhani ni yeye asiyeweza. Nilidhani ndiyo sababu ya shuka.

Akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichotikisa mabega yake, na nikaona anafuta macho. Alisema alikuwa akienda kanisani kwa njia ya mbali ili asipite kwa mwenyekiti wa kikundi akaulizwa tena. Alisema yeye aliikumbuka sauti ya mwanawe kila siku, na kuna siku alikaribia kuitoa aipige hata kwa kijiko. Miaka yote hiyo tulikuwa tumelindana na kitu ambacho hakuna kati yetu aliyeomba alindwe nacho.

Lakini nilipotaja kwamba wasichana nao watapiga, hakulegeza msimamo. Enzi zake mwanamke alicheza, akaimba, akapiga vigelegele, lakini ngoma hakuishika, na haoni kilichoharibika. Nilimwambia shuleni hatuwezi kuwatenga. Akatafakari, akasema shule ni shule, ila watoto waambiwe ukweli kwamba haikuwa hivyo zamani, wasije wakadhani wazee wao walikuwa wanacheza tu bila mpango. Kisha akaingia chumbani, akarudi na ngoma bila shuka. Alikuwa ameipaka mafuta. Ngozi ilikuwa laini, haikuwa na ufa hata mmoja.

"Kabla ya kumzika mtu, hii ilikutoa kwenu ikakuleta hapa," akaniambia. "Usisahau hiyo."

Niliandika upya somo lote. Safari hii maelezo yalikuwa mafupi na kazi ya mikono ilikuwa nyingi. Nilitunga silabi za kutamka kwa mdomo, moja kwa kila ngoma, ili darasa lisilo na ngoma hata moja liweze kuanza. Niliweka humo maneno ya mama mkwe kwamba zamani wanawake hawakushika ngoma, nikawapa watoto kazi: nenda nyumbani uulize kwa nini, kesho tuzungumze. Ukumbini suala hilo lilizua mabishano ya asubuhi nzima. Kuna waliotaka lisitajwe kabisa, na kuna waliotaka wasichana wabaki kwenye kuimba. Profesa aliwaacha wote waseme, halafu akasema mtaala usioweza kustahimili swali la mtoto haufai kuchapishwa. Likabaki. Mhadhiri naye aliniongezea kitu kizuri. Alichora visanduku vya mapigo ubaoni, doa jeusi pale mkono unapoangukia, pengo pale usipoanguka, akanionyesha jinsi mtoto aliyezoea visanduku hivyo anavyoweza kuvuka hadi kwenye nota bila kuogopa. Profesa alikubali visanduku. Mhadhiri alikubali vije baada ya mdomo na mikono. Wakapeana mikono kama watu waliomaliza kesi ya shamba.

Kilichobaki kilikuwa majaribio. Kila somo lilipaswa kufundishwa mbele ya timu kabla ya kupitishwa, na langu lilipangiwa shuleni kwangu, gredi ya saba. Mwalimu mkuu alialika wazazi wachache. Siku hiyo sikuweza kula asubuhi. Sikuogopa kusahau somo. Nililijua kama jina langu. Niliogopa kwamba ngoma itaanza, nami nitasimama mbele ya wanafunzi wangu, mwalimu mkuu, wazazi na watu wa chuo kikuu, nikalia kama nilivyolia kando ya jeneza. Nilimwambia Ustadhi hofu hiyo tulipokuwa tukipanga viti. Akasema ataketi karibu na mlango, na nikimtazama tu atainuka kuuliza swali refu lisilo na maana, nami nitapata nafasi ya kutoka. Alisema kwa uso mkavu hata nikacheka.

Tulianza kwa mdomo. Niligawa darasa sehemu tatu. Upande wa dirishani ukawa ngoma kubwa, wakitamka pole na kwa uzito. Upande wa mlangoni ukawa ngoma ndogo, wakitamka mbiombio. Katikati wakawa ngoma ya kati, kazi yao kuwajibu wale wawili. Mara ya kwanza walisambaratika, wakacheka, tukaanza tena. Kisha tukahamia kwenye mapaja, kisha kwenye madawati, na visanduku vya mhadhiri vikiwa ubaoni kwa aliyepotea. Mwisho nikawaita wachache kwenye ngoma zenyewe. Mbili tulikuwa tumeazima. Ya tatu ilikuwa ile.

Msichana mmoja alichukua ngoma ndogo na kukimbia nayo mno. Alikuwa na mkono mzuri, lakini hakumngoja mtu. Ngoma kubwa ilijaribu kumfuata ikaanguka, ya kati ikanyamaza. Nikamwomba mvulana aliyeshika ya kati anipishe, nikaivaa begani, nikaanza kuipiga ili niwe ukingo wa yule msichana. Nilimtazama machoni. Nilitikisa kichwa kila alipotaka kuchomoka. Nilimwambia yule wa ngoma kubwa aache kubana mabega. Nikasikia upande wa dirishani wamechelewa nikawaashiria kwa kiwiko. Polepole msichana akatulia, akanisikiliza, na ngoma zote tatu zikashikana kama mlango unaoingia kwenye fremu yake. Darasa zima likaingia kwenye madawati. Mwalimu wa hisabati wa darasa jirani alichungulia, sikujua kama kwa hasira au kwa hamu.

Tuliposimama, mkono wangu ulikuwa unawaka moto. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu niivae ngoma ile sikuwa nimekumbuka jeneza, wala uwanja wa mazishi, wala mikono ya yule mtu mwingine. Nilikuwa na kazi. Mtoto alikuwa anakimbia mno, ikabidi nimshike. Nilimtafuta Ustadhi pale mlangoni. Alikuwa amesahau kabisa jukumu lake. Alikuwa akipiga goti kwa kiganja, macho ameyafumba.

Mzazi mmoja aliomba kuuliza. Alisema kwa adabu kwamba ngoma hizi kwao ni za matanga, na mtoto wake akianza kupiga meza nyumbani jioni, majirani watauliza nani amefariki.

Nilimjibu nikiwa bado nimeivaa. "Baba, matangani zinapigwa, ni kweli. Lakini hii hapa ndiyo iliyonitangulia siku ya harusi yangu. Majirani wakiuliza, waambie mtoto anafanya kazi ya shule."

Watu walicheka, naye akacheka, akakubali kwa kichwa. Sauti yangu haikutetemeka. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu mazishi.

Baada ya chai timu ilikaa kulijadili somo. Walitaka maswali ya tathmini yapungue, na walitaka silabi zangu zirekodiwe kwa walimu wasiojua lugha ya kwetu. Mengine yakapita. Mwalimu mkuu alinifuata ofisini akasema ameondoa jina langu kwenye vipindi vya kilimo, na kama inawezekana niwaombe wale wa chuo kikuu waje tena, kwa kuwa hajawahi kuona gredi ya saba ikikaa darasani yote. Nilimshukuru.

Siku chache baadaye ilikuwa zamu ya Ustadhi kule Musanda. Shule yake imezungukwa na miwa pande zote, hata barabara ya kuingilia huioni mpaka uwe ndani yake. Wazazi wengi wa huko ni Wakristo, na alikuwa na wasiwasi kwamba wataliona dufu wadhani watoto wanageuzwa dini. Kweli mama mmoja aliuliza. Ustadhi akamweleza kwamba watoto wanajifunza mapigo ya dufu na namna ya kuitikiana, na kwamba maneno wameyatunga wenyewe. Akamwomba asikilize kwanza, kisha aamue. Mama akaketi.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, na hakuna kitu duniani nilichokuwa nikikiogopa siku ile. Sikuwa na cha kufundisha wala cha kutetea. Watoto walisimama na madufu yao, mmoja akaongoza, wengine wakaitikia. Wimbo wao ulihusu lori la miwa lililokwama matopeni, dereva anamlaumu turnboi, yule utingo wake, turnboi anailaumu mvua, mvua inamlaumu dereva, na kijiji kizima kimekuja kusukuma huku kikila miwa ya nyuma, mpaka lori lilipotoka lilikuwa jepesi kwa sababu halikuwa na kitu tena. Yule mama alikuwa wa kwanza kucheka. Mimi nilicheka mpaka Profesa akageuka kuniangalia, na sikuona haja ya kumwomba radhi.